Namna ya Kutenga Likizo ya Kumaliza Riwaya Iliyokwama: Mwongozo Kamili

Waandishi wengi wananiletea lalamiko lilelile: nilichukua likizo, nikajifungia wiki mbili, na riwaya bado haijaisha. Nikiwauliza siku zilikwendaje, majibu yanafanana. Siku za mwanzo ziliishia kwenye kuirembesha sura ya kwanza. Katikati kukaingia msiba, halafu fundi bomba, halafu mgeni kutoka kijijini. Zilizobaki, mtu alikaa mbele ya ukurasa asijue mhusika wake anaelekea wapi.

Watu hawa si wavivu. Walitenga siku bila kujua siku hizo zina kazi gani, na hawakuzilinda. Mwongozo huu unashughulikia mambo hayo mawili.

Unamfaa mtu ambaye mswada wake umefika nusu au theluthi mbili. Kama hujaandika kitu, usimalize likizo yako huku. Andika kwanza sura chache katika saa zako za kawaida, uone kama hadithi yenyewe inakuvuta.

## Vitu vya kuandaa

- Mswada wote ukiwa mahali pamoja. Kama nusu iko kwenye simu, robo kwenye kompyuta ya ofisini na robo kwenye daftari, ukusanye sasa.
- Kaunta buku moja jipya. Hili ni daftari la marekebisho, usiandikie riwaya humo.
- Karatasi ya manila iliyokatwa vipande vya ukubwa wa kiganja, kama 40 hivi.
- Kalenda ya karatasi ya kubandika ukutani.
- Saa yenye kengele isiyo simu.
- Flashi, na barua pepe unayoweza kuifungua bila kuhangaika na nywila.
- Taa ya kuchaji na pawabenki. Kama unatumia luku, nunua umeme wa kutosha kabla ya siku ya kwanza.
- Fedha ya chakula ya siku zote, iwe imetengwa pembeni.
- Mtu mmoja atakayepokea simu zako za dharura.

Hatua tano za kwanza hufanyika kabla ya likizo. Anza mwezi mmoja kabla.

## Hatua ya 1: Pima kilichobaki

Soma mswada tangu mwanzo hadi ulipoishia, jioni mbili au tatu. Usishike kalamu ya kusahihisha. Shika daftari la marekebisho, na kila unapokutana na jambo linalodai jibu huko mbele (siri, deni, ahadi, mtu aliyeondoka bila kuaga) liandikie mstari mmoja.

Kisha chukua kadi za manila. Kila tukio ambalo ni lazima litokee kabla ya mwisho lipate kadi yake. Andika mambo matatu tu: nani anataka nini, nini kinamzuia, na hali inakuwaje tukio likiisha.

Tuseme riwaya inamhusu Rehema, aliyerudi Bukoba kudai kibanja cha marehemu baba yake. Kadi mbovu ingesema: "Rehema anakutana na baba mdogo." Kadi inayofanya kazi ingesema: "Rehema anataka baba mdogo akiri mbele ya wazee kwamba kibanja hakikuuzwa. Baba mdogo anatoa karatasi yenye sahihi ya mama yake Rehema. Rehema anatoka akijua aliyemficha ukweli ni mama yake." Kadi ya kwanza itakukalisha mezani saa nzima ukitafuta pa kuanzia. Ya pili ina ugomvi ndani yake, na sentensi ya kwanza inakuja yenyewe.

Sasa piga hesabu. Chukua matukio matano uliyokwisha kuyaandika, tafuta wastani wa urefu wake, zidisha kwa idadi ya kadi. Kama una kadi 16 na tukio lako kwa kawaida ni maneno 850, umebakiza maneno 13,600. Anayeandika kwa mkono ahesabu maneno ya mistari kumi, agawanye kwa kumi, azidishe kwa idadi ya mistari ya ukurasa.

Angalizo: usikimbilie kile kipimo cha maneno 1,667 kwa siku kinachotajwa sana mitandaoni. Kilitokana na zoezi lililoanza Marekani mwaka 1999, la kuandika maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja, na waliolianzisha waliandika Kiingereza. Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa, kwa hiyo maneno 1,000 yetu yamebeba mengi zaidi. Tumia wastani wako mwenyewe.

Utajua umefaulu ukiweza kumsimulia mtu yote yaliyobaki, kwa mpangilio, bila kutazama kadi.

## Hatua ya 2: Andika ukurasa wa mwisho kwanza

Miswada mingi ninayoiona imekwama palepale, baada ya theluthi mbili. Mwandishi ameshawaleta wahusika wote, amewagombanisha, na sasa inabidi mambo yaishe. Kama hajui yanaishaje, ataanza kuongeza wahusika wapya.

Kwa hiyo kabla ya likizo, kaa jioni moja uandike ukurasa wa mwisho. Nani amesimama wapi, kapata nini, kapoteza nini. Usihangaike na uzuri wa lugha. Ukurasa huo unaweza kubadilika ukifika huko, na mara nyingi hubadilika, lakini kila kadi sasa ina upande wa kuelekea.

Pitia kadi zako tena baada ya hapo. Kadi isiyosaidia kufika kwenye ukurasa ule iondoe. Usione huruma, maana kadi moja ikiondoka umeokoa zaidi ya nusu siku.

## Hatua ya 3: Chagua siku kwenye kalenda

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwa humohumo. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa siku za kazi zisizopungua 21 kwa kila miezi 12. Wengi huzitumia zote kwa safari za kwao na ujenzi. Zigawe: nusu ya familia, nusu ya riwaya. Omba mapema, kwa maandishi.

Wiki mbili zigawe hivi:

- Siku 1 ya kutulia: kupanga meza, kulala, kusoma kadi.
- Siku 10 za kuandika.
- Siku 1 ya kupumzika, katikati, bila kugusa mswada.
- Siku 2 za akiba kwa ajili ya homa, msiba au umeme uliokatika kutwa.

Maneno 13,600 kwa siku 10 ni 1,360 kwa siku. Kama hesabu yako inatoa zaidi ya 1,800, punguza kadi au ongeza siku. Usijipe moyo kwamba utaandika usiku pia.

Epuka mwisho wa Desemba, nyumba inapojaa wageni au wewe mwenyewe unapotakiwa kijijini. Mzazi mwenye watoto wadogo achague siku ambazo shule zimefunguliwa. Naona wengi wakisubiri watoto wafunge shule ndipo nao wachukue likizo, halafu wanashangaa hawakuandika. Mwalimu hana hiari hiyo, likizo yake ni shule zikifungwa, kwa hiyo kwake hatua ya 5 ndiyo ya kuishughulikia zaidi.

### Kwa asiye na likizo

Mwenye duka, mama lishe, dereva wa bodaboda na kibarua hawana wa kuwapa likizo ya kulipwa. Wao watenge alfajiri: saa 11 hadi saa 12 na nusu, siku sita kwa wiki. Maneno 350 kila alfajiri, kwa wiki saba, yanafika 14,700. Hesabu inatosha. Lakini alfajiri hulindwa usiku uliotangulia, na anayefunga biashara saa tano usiku hataamka. Katika wiki hizo saba ama ufunge mapema, ama uchague saa za mchana ambazo wateja ni wachache, mlango ukiwa umeegeshwa.

## Hatua ya 4: Waambie watu

Hapa ndipo likizo nyingi hufia, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo.

Kwetu mtu anayeonekana nyumbani siku ya kazi huhesabiwa kuwa hana kazi. Ndiye atakayetumwa sokoni, ndiye atakayempeleka shangazi kliniki, ndiye atakayekaa kumsubiri fundi. Hakuna ubaya wowote katika hilo, ndivyo tunavyoishi na ndivyo tunavyosaidiana. Ila usipowaambia watu mapema, na kwa maneno yanayoeleweka, usiwalaumu.

Usiseme "nitakuwa bize kidogo". Sema tarehe, sema saa, sema njia ya kukupata. Kwa mfano: "Mama, shikamoo. Kuanzia tarehe 3 hadi 16 nina kazi ya kuandika, naimaliza riwaya yangu. Simu itakuwa imezimwa hadi saa saba mchana kila siku. Kukiwa na dharura mpigie Salumu, atanifuata nilipo. Jioni nitakuwa nakupigia mwenyewe." Mama aliyeambiwa hivyo hawi na wasiwasi. Asiyeambiwa atapiga simu mara tano, na ya sita atampigia mwajiri wako.

Kwa mwenza wako, kaeni mzungumze kabla hujaomba likizo, usije na tarehe zilizokwisha kupangwa. Kubalianeni nani anapeleka watoto shule, nani anapika, na wewe utalipa nini baadaye kwa mzigo atakaoubeba. Likizo yako ni kazi ya ziada kwa mtu mwingine, na ni haki kuitaja hivyo mbele yake.

Michango ya harusi na ya vikundi ilipe kabla. Kisha andika ujumbe mmoja kwenye makundi yako ya WhatsApp kuwa hutaonekana hadi tarehe fulani, uyazime sauti. Mweka hazina akishapata fedha yake hatakutafuta.

Msiba ni jambo jingine. Aliyefiwa akiwa wa karibu, funga daftari uende. Kazike, kaa na wafiwa, rudi. Siku mbili za akiba ziliwekwa kwa ajili hiyo, na hutaandika kitu cha maana ukiwa mezani huku moyo uko matangani.

Angalizo kwa wanawake: nyumba yenye watoto, wageni na jiko haitakuacha uandike, hata mkikubaliana vipi. Mlango uliofungwa utagongwa. Kama kuna njia yoyote, toka nyumbani kwa saa zile, hata kama ni kwenye chumba cha dada yako anayeshinda kazini.

Utajua umefaulu kama siku tatu kabla ya kuanza mtu mmoja amekuuliza kwa hiari yake, "Ile kazi yako inaanza lini?"

## Hatua ya 5: Tafuta mahali

Kinachotakiwa ni meza ya kimo sahihi, kiti chenye mgongo, mwanga na ukimya wa asubuhi. Mandhari ya ziwa si lazima.

Maktaba ni chaguo zuri na la bei nafuu, iwe Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, au maktaba ya mkoa wako. Nyumba za wageni za masista na za taasisi za dini huwa na utulivu na chakula cha saa maalumu. Gesti ya kawaida nayo inafaa, lakini ikague kwanza.

Nenda ukakae pale saa nzima, wakati uleule utakaokuwa unaandika. Sikiliza. Kuna mashine ya kusaga jirani? Baa inafungwa saa ngapi? Uliza umeme ukikatika wanafanyaje. Kisha kaa kwenye kiti chenyewe uegemee meza yenyewe, maana gesti nyingi zina meza ya kuwekea televisheni na stuli, na mgongo hautavumilia siku kumi.

## Hatua ya 6: Shika ratiba ya asubuhi

Ratiba inayowafaa wengi:

1. Saa 12:00 hadi 1:30 asubuhi, kipindi cha kwanza. Kabla ya kuwasha simu na kabla ya habari.
2. Chai, kutembea kidogo.
3. Saa 2:15 hadi 3:45, kipindi cha pili.
4. Saa 4:15 hadi 5:15, kipindi kifupi cha kumalizia idadi ya siku.
5. Mchana ni wako. Kula, lala, fua, tembea.
6. Jioni, dakika 20: soma kadi ya kesho, andika sentensi yake ya kwanza tu, funga.

Saa nne za kuandika zinatosha. Anayekaa saa kumi siku ya kwanza hana nguvu siku ya tatu.

Ukifikisha idadi ya siku katikati ya tukio, simama hapohapo, hata kama moto umewaka. Kesho utaendelea na jambo unalolijua badala ya kuanza na ukurasa mweupe. Kila siku andika kwenye kalenda ya ukutani idadi ya maneno, basi. Usiandike maoni.

## Hatua ya 7: Usirudi nyuma

Kanuni ya siku kumi ni moja: kinachoandikwa ni kile ambacho hakijaandikwa bado. Sura za nyuma zimefungwa.

Ukigundua siku ya tatu kwamba baba mdogo alipaswa kuwa mwalimu mstaafu na si mfanyabiashara, andika kwenye daftari la marekebisho: "Sura ya 2 na ya 6, baba mdogo ni mwalimu." Kisha endelea kuandika kana kwamba alikuwa mwalimu tangu mwanzo. Marekebisho yana wakati wake.

Ukikosa taarifa, weka alama ndani ya maandishi usonge mbele: "Rehema alifika bandarini Mwanza [ANGALIA: meli ya Bukoba inaondoka saa ngapi?] akiwa na begi moja." Ukifungua intaneti kutafuta saa ya meli, utatoka huko baada ya dakika 40 ukiwa umesoma bei za nauli, habari za siasa na salamu za rafiki. Neno ANGALIA kwa herufi kubwa litatafutwa mara moja baadaye.

Angalizo: usimtumie mtu sura uliyoandika asubuhi hiyo. Akisifu utajilinda, akiponda utasimama.

## Hatua ya 8: Siku utakayokwama

Itakuja, mara nyingi kati ya siku ya nne na ya sita. Kabla ya kuamua kwamba hadithi ni mbovu, tafuta sababu.

Kadi haina ugomvi. Dalili: unaelezea hali ya hewa, nguo na samani. Rudi kwenye kadi, jiulize kila mtu aliyemo chumbani anataka nini sasa hivi. Kama wote wanataka kitu kimoja, tukio halipo. Lifute au mlete mtu anayetaka kinyume.

Umechoka. Dalili: sentensi zinajirudia na unasoma ukurasa mmoja mara nne. Hii ndiyo siku ya mapumziko, hata kama kalenda ilisema ni kesho. Lala.

Unaogopa tukio lenyewe. Hili ndilo gumu. Mara nyingi ni tukio linalogusa jambo la kweli la nyumbani kwenu, au ni pale mhusika unayempenda anapotenda uovu. Utaona mkono unakwepa, unaandika matukio ya pembeni. Andika mazungumzo peke yake, bila maelezo, haraka, kama unayanakili kutoka chumba cha pili. Au zima kompyuta, washa kinasa sauti cha simu, ulisimulie tukio kwa mdomo kama unavyomweleza rafiki, kisha uliandike kwa kusikiliza. Kwa waandishi wengi ninaowasoma, kurasa zilizopatikana kwa njia hiyo ndizo zenye uhai kuliko zote.

Ikishindikana, chukua kadi nyingine ya mbele unayoitamani. Hakuna sheria ya kuandika kwa mpangilio, ili mradi kila kadi iandikwe.

Utajua umefaulu kama siku ya kukwama imeishia na maneno yoyote kwenye kalenda, hata 200.

## Hatua ya 9: Hifadhi kila siku

Kabla ya chakula cha mchana: nakala moja kwenye flashi, nyingine kwa barua pepe yako mwenyewe, faili likiwa na tarehe kwenye jina. Anayeandika kwa mkono apige picha kila ukurasa. Flashi isikae kwenye begi la kompyuta, kwa sababu mwizi hubeba begi zima.

## Hatua ya 10: Likizo inapoisha

Kadi zikiwa zimebaki mbili au tatu, usikate tamaa wala usizimalize kwa kulipua usiku wa mwisho. Kabla hujarudi kazini, zipangie alfajiri za wiki inayofuata, kadi moja kwa alfajiri mbili, na mtu wako wa dharura aendelee na kazi yake. Ukiruhusu hata wiki mbili zipite, itakubidi uanze kusoma upya.

Zikiisha zote, una rasimu ya kwanza kamili. Ifunge kwa wiki nne. Kama unalenga Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, au tuzo nyingine yoyote, soma tangazo la mwaka huo upate tarehe ya mwisho, kisha hesabu kurudi nyuma: wiki nne za kuifunga, wiki sita za marekebisho, wiki mbili za msomaji. Likizo yako inapaswa kuwa imeisha miezi mitatu kabla.

Baada ya wiki nne, fungua daftari la marekebisho kabla ya kufungua mswada. Rekebisha kwanza yaliyoandikwa humo, kisha tafuta kila ANGALIA uijaze, na ndipo usome kitabu chote kwa sauti tangu mwanzo. Mpe msomaji mmoja nakala iliyochapwa na kalamu. Mwombe asisahihishe tahajia wala asiandike maoni. Aweke alama ya mkasi tu kila mahali alipotamani kuacha kusoma, na hapo ndipo uanzie marekebisho yako ya pili.